Safu ya Tatu

Mama yangu hakuuliza gari ni la aina gani wala la rangi gani. Aliuliza jambo moja tu, simu ikikwaruza kwa mtandao hafifu wa Kimamba: "Litabeba wangapi?" Nikamjibu kwa fahari, "Saba, mama. Lina safu tatu za viti." Akanyamaza kidogo, nami nikajua anahesabu kwa vidole kama afanyavyo siku zote. Alianza na mimi, akamtaja mke wangu, akawataja watoto wetu watatu, akajitaja yeye. Hao sita. Kisha akamtaja mjukuu anayeishi naye, binti wa marehemu kaka yangu. Hao saba. Nikadhani amemaliza. "Na dada yako wa Rudewa," akaendelea, "siku akitaka kushuka Morogoro? Na tukipata mgonjwa je?"

Nimewahi kununua vitu vingi katika maisha yangu, vingine kwa fedha taslimu na vingine kwa mkopo: kiwanja, mabati, jokofu, hata ng'ombe mmoja aliyekufa kabla hajazaa. Hakuna hata kimoja kilichonitaka niseme waziwazi jamaa yangu inaishia wapi. Ukijenga nyumba, mgeni wa ghafla atalala sebuleni. Ukipika, utaongeza maji katika mchuzi. Lakini kiti cha gari kina mkanda mmoja na mtu mmoja. Anayechagua gari la safu tatu anaandika orodha ya watu, apende asipende, na asiyemo katika orodha hiyo atajijua siku ya safari.

Kwetu Kimamba hatukuzoea hesabu ya namna hiyo. Baba alifika pale katika miaka ya 1950 akitoka Kasulu pamoja na Waha wenzake, kuja kukata mkonge. Aliletwa na treni ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Watu wa namna yake waliitwa manamba, kwa kuwa shambani walijulikana kwa namba zao kuliko kwa majina ya baba zao. Alikuwa na kipande chenye nafasi 30, na kila siku ya kazi iliyotimia ilitiwa alama. Mkonge ulikuwa mali siku zile. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na marobota ya katani yalikuwa jambo la kawaida machoni petu sisi watoto tuliokua karibu na stesheni. Baba akaoa Msagara wa hukuhuku Kilosa, akasahau kurudi kwao.

Tulisafiri kwa treni, daraja la tatu. Hakuna aliyetuhesabu isipokuwa mkagua tiketi, na hata yeye waliopakatwa hakuwahesabu. Gari la kwanza kulipanda lilikuwa Land Rover ya shamba. Huko nyuma ilikuwa na mabenchi mawili ya ubavuni, yanayotazamana, hayana mkanda. Siku baba alipoumizwa mkono na korona (nasema mashine ya kuchakata mkonge, si ule ugonjwa uliokuja baadaye), alilazwa sakafuni katikati ya mabenchi hayo kupelekwa hospitali Kilosa, na sisi tukakaa pembeni miguu tumeinua ili tusimkanyage. Tuliingia watu kumi na mmoja. Mpaka leo sikumbuki mtu yeyote aliyeambiwa kwamba nafasi hakuna.

Mambo yalibadilika taratibu. Mimi nilipata kazi Dar es Salaam. Mafuriko ya mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata reli baina ya Kilosa na Gulwe, na kwetu sisi safari ya nyumbani ikawa ya barabara moja kwa moja: Dar es Salaam hadi Morogoro, Morogoro hadi Dumila, hapo unaiacha barabara ya Dodoma na kukata kushoto kuelekea Rudewa, na mwisho unaingia katika udongo mweusi wa Kimamba. Nilikuwa na gari dogo la viti vitano. Mimi na mke wangu mbele, watoto watatu nyuma. Lilitutosha kabisa, au niseme lilitutosha mpaka mwaka 2015, kaka yangu alipofariki na kumwacha binti wa miaka mitano mikononi mwa bibi yake.

Binti huyo huniita baba mdogo. Katika desturi zetu mtoto wa kaka ni mwanangu, hilo halina mjadala. Nililitamka mwenyewe mbele ya wazee siku ya kuanua matanga. Kila Desemba tulipokwenda Kimamba alicheza na watoto wetu toka asubuhi hadi usiku, na kila tulipokaribia kuondoka aliuliza kama safari hii atakuja Dar es Salaam kuona bahari. Nami kila mwaka nilimwonyesha kiti cha nyuma kilichojaa watoto watatu na kumwambia, "Mwakani." Nilikuwa na haki, nafasi haikuwapo. Desemba 2020 hakuuliza. Tulipopakia mizigo hakuwapo hata uani. Nilimkuta nyuma ya nyumba akiosha sufuria ambazo zilikwisha kuoshwa. Nikamwambia kwaheri, akaitikia vizuri tu, kwa adabu, pasipo kuniangalia.

Njiani, kabla hatujafika Dumila, nikamwambia mke wangu kwamba lazima tununue gari la safu tatu.

Basi ikaanza kazi ya kuchagua, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana katika jambo hili kila mwanamume wa mjini ni profesa. Rafiki yangu wa kazini alisema ni Prado au nirudi nyumbani nikalale. Mke wangu alitaka Nissan X-Trail ya siti saba, kwa kuwa haili mafuta mengi na ni rahisi kuegesha. Fundi wetu wa gereji, mtu mwenye maneno machache, alisema ninunue Noah, nitamshukuru.

Nilizunguka yadi za magari Jumamosi nne mfululizo nikiwa na futi ya fundi seremala mfukoni. Katika kila gari nilifanya jambo moja lililowachekesha madalali: nilipita moja kwa moja hadi safu ya tatu, nikakaa. "Bosi hakai huko, mzee," dalali mmoja aliniambia, akinifungulia mlango wa dereva. Lakini aliyenunuliwa gari hilo alikuwa ni wa huko hasa. Nami nilijifunza mengi nikiwa nimejikunja kule nyuma, ambayo mtu hayaoni akiwa ameshika usukani. Magari mengi ya safu tatu ni magari ya watu watano yaliyoongezewa viti viwili kwa huruma. Kiti kiko karibu na sakafu, kwa hiyo magoti yanapanda mpaka kifuani. Dirisha halifunguki. Baridi ya kiyoyozi mara nyingine haifiki, inaishia kwa wakubwa. Ili kutoka, lazima mtu wa safu ya pili ashuke au akunje kiti chake, maana yake wa nyuma hana uwezo wa kujitoa mwenyewe. Na kutoka kisogo chake hadi kioo cha nyuma, kwa futi yangu, ilikuwa mara nyingi chini ya shubiri mbili. Nilimfikiria lori linalotufuata kwenye mteremko, nikashuka.

Tena kuna suala la mizigo, ambalo madalali hawalitaji kabisa. Viti vya nyuma vikisimama, buti haipo. Kinachobaki ni nafasi ya mkoba wa shule na mwavuli. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikalipima kwa futi, nikaandika kwenye daftari. Kisha nikalisahau, na baadaye nitaeleza lilivyonirudia.

Noah ilishinda kila kipimo cha akili. Mlango wake unateleza ubavuni, sakafu iko chini, mama mwenye maumivu ya magoti angepanda pasipo kushikwa mkono, na safu ya tatu ni ya binadamu kamili. Tatizo lilikuwa mawili. La kwanza ni la mke wangu: Noah zimebeba abiria kwa nauli katika barabara zetu kwa miaka mingi, akasema, "Baba watoto, tutasimamishwa kila kituo tuulizwe kama tunakwenda Mbezi." Nilicheka, lakini najua hakuwa anatania. La pili ni la udongo wa Kimamba. Wakati wa masika udongo ule hugeuka kuwa ulezi uliopikwa, na gari la tumbo la chini hukaa humo mpaka trekta lipatikane. Mgonjwa anayetajwa na mama huwa hachagui miezi ya kiangazi.

X-Trail niliipenda kwa lami. Binti wa miaka kumi na moja angetosha nyuma leo, lakini akiongezeka kimo ningemrudishia lile neno la mwakani kwa njia nyingine.

Ikabaki Prado, ile ya toleo lililotengenezwa kati ya 2002 na 2009, yenye chasi kama ya lori na mlango wa nyuma unaofunguka kwa ubavu, umebeba tairi la akiba mgongoni. Nikapiga hesabu ya kuagiza moja kutoka Japani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani pamoja na usafiri na bima. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa: injini ikizidi lita 2, asilimia 10. Gari likizidi miaka kumi, asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Ukianza na shilingi 100 unamaliza na zaidi ya 206, na bado tozo ndogondogo. Wala usidhani utapona kwa risiti yenye bei ndogo, maana TRA ina orodha yake ya thamani za magari. Kwa maneno mengine, ningenunua Prado mbili na kupewa moja. Nikaamua kutafuta iliyokwisha kuingia nchini, mkononi mwa mtu, na mwezi wa tisa mwaka 2021 nikaipata, ya mwaka 2005, injini ya petroli ya lita 2.7. SACCOS ya kazini ikanikopesha sehemu iliyopungua.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Niliwaambia watu kwamba nimechagua Prado kwa ajili ya matope na kwa ajili ya binti wa kaka. Ni kweli. Lakini pia nilitaka kuingia Kimamba, mahali baba yangu alipoitwa kwa namba, nikiwa juu ya gari ambalo watu hulipisha njia. Sababu zote mbili zilikaa katika kiti kimoja, na sikuweza kujua ipi ndiyo iliyofunga mkanda.

Desemba 2021 tukaenda. Majirani walitoka kulitazama gari. Mama alilizunguka mara moja, akagusa ngazi ya pembeni, akasema liko juu mno. Akaletewa kigoda cha jikoni akapanda nacho, na tangu siku hiyo kigoda hicho kimekuwa sehemu ya gari. Nilimfungulia binti mlango wa nyuma nikamwonyesha viti vya safu ya tatu, jinsi vinavyoshushwa na jinsi vinavyokunjwa kila kimoja upande wake na kufungwa kwa mkanda ubavuni. Nikamwambia, "Hiki ni chako." Akakaa. Akavuta mkanda, akauachia, akauvuta tena. Alifanya hivyo siku nne zote tulizokaa. Nilimkuta humo hata jioni, ameketi peke yake katika gari lililosimama.

Asubuhi ya kuondoka niliamka nikakuta mama amekwisha kutoa zawadi zake uani. Gunia la mchele. Gunia la mahindi. Mkungu wa ndizi, viazi vitamu katika kiroba, kuku wawili wamefungwa miguu. Miaka yote ya gari dogo alikuwa akinipa robo ya hivyo na kuomba radhi. Mwaka ule, kwa kuwa mwanawe ana gari kubwa, alikuwa amelima, amevuna, amekoboa na ameweka kando toka mwezi wa saba. Nilisimama nikitazama magunia, kisha nikatazama gari. Mama alikuwa akinitazama mimi.

Ningeweza kusema jambo. Ningeweza kusema, mama, mchele Dar es Salaam upo, tutaacha gunia moja. Lakini mtu aliyezaliwa na mama wa kijijini anajua uzito wa maneno hayo. Gunia lile lilikuwa ndiyo njia yake ya kusema kwamba hajawa mzigo kwetu. Nikanyamaza, nikijifanya nakagua upepo wa matairi. Wakati nimeinama, nilisikia mlio wa chuma nyuma ya gari. Binti alikuwa amefungua mlango na kuvikunja viti vyote viwili mwenyewe, upande mmoja na mwingine, akavifunga kwa mikanda kama nilivyomfundisha. Kisha akashika pembe ya gunia ili kumsaidia mwanangu mkubwa kulinyanyua.

Tukaondoka na mchele.

Mke wangu hakusema neno mpaka Chalinze. Hapo akauliza, bila kunigeukia, kama mkopo ule wa SACCOS tumeuchukua kwa ajili ya kusafirisha nafaka. Sikuwa na jibu, na nadhani hakulitaka.

Wiki iliyofuata nikapeleka gari kwa fundi. Alishauri tuving'oe viti vya nyuma kabisa tuviweke stoo, kwa maana wateja wake wengi hufanya hivyo, na buti inakuwa kubwa kama chumba. Nikamwambia afunge keria juu ya paa, imara, ya chuma. Akasema italifanya gari lionekane la shamba. Nikamjibu kwamba ni la shamba. Mwezi wa sita mwaka 2022, likizo ilipofika, nilikwenda Kimamba peke yangu, siku ya kazi, kwa ruhusa, nikapandisha gunia juu na kulifunga kwa kamba ya katani, na binti nikamleta mjini. Alichagua kukaa safu ya tatu ingawa gari zima lilikuwa tupu. Kabla hatujafika Dumila akatapika.

Ndipo nilipogundua jambo ambalo futi yangu haikulipima: safu ya tatu iko nyuma ya magurudumu ya nyuma, kila shimo linamrusha aliye huko juu mara mbili zaidi ya dereva. Tangu hapo tukaanza kupokezana. Binti akakaa katikati, dirishani, na mwanangu mkubwa akahamishiwa nyuma. Mwanangu hakupenda. "Kwa nini mimi, baba? Mimi ndiye mkubwa." Nilimweleza habari ya kichefuchefu. Alinitazama kwa namna ambayo ilinionyesha kwamba ameelewa swali lake vizuri kuliko nilivyolijibu. Mke wangu akaandika ratiba ya viti akaibandika kwenye jokofu: nani nyuma kwenda, nani nyuma kurudi. Jina la binti limo katika ratiba hiyo kama majina mengine, na zamu yake ya nyuma ikifika anapewa limau anuse.

Mwaka 2024 alianza kidato cha kwanza Dar es Salaam, akikaa kwetu. Mwaka huohuo, mwezi wa saba, treni ya reli mpya ikaanza kwenda hadi Dodoma, na Kilosa ina kituo. Desemba ilipokaribia alinifuata sebuleni na mwanangu mkubwa wakiwa wameshapanga maneno. Waliomba waende kwa bibi kwa treni, wao wawili, kisha kutoka Kilosa watapanda bodaboda hadi Kimamba. Nilikumbusha kwamba tuna gari la watu wanane, kwa mujibu wa kitabu chake. Nilisema kwamba bado nalilipia mkopo.

"Tunajua, baba mdogo," alisema binti. "Ila kwenye treni kila mtu ana namba ya kiti chake. Hata mzigo ukizidi, hawakunji."

Nikawakatia tiketi. Jioni nikampigia mama kumweleza kwamba vijana watakuja na reli na sisi tutafuata kwa gari, mimi, mke wangu na wadogo wawili tu. Alikaa kimya kidogo, akihesabu.

"Kwa hiyo nyuma hakuna mtu?"

"Hakuna, mama. Nafasi ipo."

"Basi mpitie dada yako Rudewa," akasema. "Anao watoto wanne, na mama mkwe wake anataka kuja kuniona."

Nikaenda uani kutafuta kile kigoda.